Chungu cha Bi Nambua

Paukwa!
Pakawa!

Zamani, tena zamani za kale, palikuwa na kijiji kikavu. Mchicha ulitoka mabondeni, mwendo wa siku nzima, na mama mmoja, Mwatatu, aliufuata mara moja kwa juma. Binti yake mdogo, Chausiku, alikuwa ametoka kuugua surua, miguu imemlegea. Mganga alisema mtoto ale mboga za majani kila siku, la sivyo hatasimama.

Kila siku, jamani! Na Mwatatu alikuwa mwanamke msafi. Akifika nyumbani huziosha mboga, chwaa, chwaa, huzifunga kwa kamba, huzishindilia chunguni pamoja na ndizi mbivu, hufunika. Siku ya kwanza mtoto anakula. Siku ya pili anakula. Siku ya tatu Mwatatu akifunua, harufu inamrudisha nyuma. Siku zilizobaki ni ugali na chumvi. Nanyi mnaocheka, kwenu mnafanyaje?

Majirani walinong'ona kwamba nyumba ile ina mkosi. Mwatatu akaanza kuamini.

Ndipo akaja Bi Nambua mfinyanzi, ko, ko, ko, na bakora yake. Alikuwa mzee kuliko wote kijijini, na hakuwa na maneno mengi. Alinusa, akarudi kwake, akaja na vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa. Mwatatu alishtuka. Kijijini pale kila mwanamke alikuwa na chungu chake cha kaburi, kinachovunjwa juu ya udongo siku ya kuzikwa kwake.

"Bibi, hiki kikubwa si cha kaburi lako?"

"Kaburi litangoja, mjukuu wangu. Mtoto hawezi kungoja."

Akajaza mchanga katikati ya vyungu, akaumwagia maji, chwaa. Akamwelekeza Mwatatu asizioshe mboga mpaka saa ya kupika, wala asizifunge. Ndizi mbivu zikae mbali, maana huyageuza majani kuwa manjano. Afunike kwa kitambaa kilicholowa, aweke kivulini penye upepo. Na asubuhi na jioni, kata moja ya maji mchangani.

"Ukiusahau mchanga, umemsahau mtoto," akasema.

Siku ya tatu, mboga mbichi. Siku ya tano, mbichi. Siku ya saba zilikuwa zimenyauka kidogo pembeni, zikaliwa hivyo hivyo. Mwatatu alilia kwa furaha, wala hakuona haya. Mwezi haujaisha, Chausiku akashika ukuta, akasimama.

Masika mawili yakapita. Bi Nambua akafariki. Wakamzika, kisha wazee wakaja kudai chungu chake wakivunje. Mwatatu alikikumbatia, ingawa kumnyima marehemu haki yake ni jambo zito. Mzee mmoja akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na mchicha wa siku tano, kijani kabisa. Akakifunika tena polepole.

Chausiku akachota kata ya maji. Akatembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka kaburini, akaumwagia udongo. Chwaa.

"Bibi, sijausahau mchanga," akasema.

Chungu hakikuvunjwa. Tangu siku ile watu wa kijiji kile hawavunji vyungu makaburini. Humwaga maji.

Basi, wanangu, mzee haheshimiwi kwa kuvunja alichoacha, bali kwa kukitumia. Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenye mchanga nyumbani akautilie maji.