Posa ya Haji Vuai

Haji Vuai, tajiri wa karafuu, alirudi nyumbani akakuta mtoto analia na wali haujaiva.

"Mwanakombo, kazi zimekushinda," alimwambia mkewe. "Naoa mke wa pili akusaidie."

"Umenionea huruma, mume wangu. Basi niache nikakuposee mwenyewe."

Mwanakombo akaenda kwa Bi Mboja, aliyekuwa na binti mzuri, akarudi anatabasamu.

"Wamekubali?" Haji aliuliza.

"Bado kidogo. Bi Mboja hamtoi mwanawe kwa mwanamume asiyejua kazi za nyumbani. Atakuja kukutazama, wala hakusema lini."

Tangu hapo Haji alifua nepi, akakuna nazi, akazunguka na mtoto mgongoni. Wenzake wa barazani walimcheka: "Haji, umeoa au umeolewa?"

"Chekeni tu," aliwajibu. "Harusi mtaila."

Mwanakombo akanyoosha miguu mkekani.

Siku Bi Mboja alipobisha hodi, Haji alikuwa anapepea moto, mtoto amelala mgongoni. Mgeni akaonja mchuzi.

"Mtamu! Kapika nani?"

"Mimi, mama."

"Na nepi zile kambani?"

"Mimi pia," Haji alijivuna. "Hata kufagia nafagia mwenyewe."

Bi Mboja akaweka upawa chini. "Sasa mwanangu unamtakia nini?"

Haji akamtazama mkewe.

"Mjibu mkweo, mume wangu," alisema Mwanakombo kwa upole. "Maana mimi nilimwapia kwamba unaoa kwa sababu ya kazi tu."