Upawa wa Somoe

Mshika upawa si mwenye chungu. Mmemsikia shangazi yenu Tunu akimwambia Shaibu hivyo, Shaibu kanuna, na nyie mnacheka bila kujua mnacheka nini. Eti, "Babu, upawa umeingiaje kwenye mpira?" Haya, kaeni. Sogeza hicho kigoda, Salama, jua linakuchoma. Neno hili lina harufu ya jikoni, lakini halikuzaliwa jikoni. Lilizaliwa mahakamani, nami nilikuwepo, nimekaa benchi la nyuma, pale penye msumari ulionichania kanzu. Ilikuwa hivi.

Hapa kijijini palikuwa na mzee tukimwita Mzee Vumbi, kwa ajili ya baiskeli yake. Akija, unaona vumbi kwanza, halafu unasikia kengele, halafu ndiyo unamwona mwenyewe. Alikuwa na shamba la mikorosho kule bondeni, na nyumba ya matofali ya kuchoma, ya kwanza hapa kwetu. Mkewe wa kwanza alifariki akamwachia binti mmoja, Somoe. Akaoa tena, akamwoa Bi Mwanahawa, wakapata watoto wawili wa kiume. Sasa Somoe na mama yake wa kambo, wajukuu zangu, walikuwa hawaivi chungu kimoja. Salamu tu, tena ya mbali, mmoja huku mwingine kule barabarani.

Mzee Vumbi akafa mikorosho ikiwa imejaa maua. Mungu amrehemu. Aliwahi kunipakia kwenye baiskeli ile, tukaingia moja kwa moja kwenye nyanya za watu, mpaka leo nikiona nyanya zimemwagika namkumbuka. Ndiyo, nilikuwa wapi? Akafa.

Arobaini ilipopita, ukoo ukakaa kikao. Maana mali ya marehemu ikishapelekwa mahakamani haigawiwi ovyo. Ukoo unapendekeza mtu, mahakama inamthibitisha, naye anakusanya mali, analipa madeni, kisha anawagawia warithi. Huyo ndiye msimamizi wa mirathi. Wakamtaja Somoe. Alikuwa mtu mzima, ana mume na watoto wake, na mdomo wake ulikuwa hauna nyongeza.

Basi hapo neno likatuponza. Msimamizi! Sisi msimamizi tuliyemjua ni yule wa mashamba ya mkonge tulikokwenda kufanya kazi ujanani. Yule akisema kaa, unakaa. Akisema ondoka, unafunga mkeka wako. Kwa hiyo watu wakaanza kunong'ona, "Keshasimama juu ya shamba. Nani atamshusha?"

Maneno hayo yakamfikia Bi Mwanahawa chumbani, yuko edani. Kwao ni mbali, na waliokuwepo kwao wamekwisha kufa. Na huyo anayekuja kusimama juu ya nyumba yake ndiye yule yule asiyepatana naye! Akaanza kufunga vifurushi vyake kidogo kidogo, leo sufuria, kesho nguo za watoto.

Somoe yeye alikuwa njiani. Akaenda Mahakama ya Mwanzo, akaambiwa alete cheti cha kifo. Akakifuata wilayani. Akakileta, akaambiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo nao uwe na sahihi za wote waliokaa. Akarudi kuzitafuta hizo sahihi, wengine wako mashambani, wengine wanataka kwanza kubembelezwa. Alikwenda na kurudi mpaka ndala zake zikabaki kanda tupu. Sikumsikia akitukana mtu.

Mwishowe tangazo likabandikwa, mahakamani na pale ofisi ya kijiji. Kwamba mwenye pingamizi juu ya usimamizi wa mirathi ya marehemu Saidi Bakari Mtepa, afike siku fulani aseme.

Watu wakasoma, wakaenda zao. Saidi Bakari Mtepa ndiye nani? Mmoja akasema labda ni yule fundi cherehani wa ng'ambo ya mto. Nawaapia, kati yao hakuna aliyejua kuwa ni Mzee Vumbi! Alikuwa na mdogo wake, Mfaume, ambaye kikaoni hakufika, na ndiye aliyetaka kupinga. Mfaume hakujua kusoma. Akawa kila siku anawauliza wapita njia, "Tangazo la Mzee Vumbi limetoka?" Wanamjibu, "Bado, mzee. Limetoka la Saidi nani sijui." Naye akina Saidi aliwajua wengi, akawa anaendelea kungoja la Vumbi.

Somoe angenyamaza tu. Siku ingefika, ingepita, mpinzani hakuna. Mumewe alimwambia hivyo hivyo. Lakini yeye akajifunga kanga, akaenda mpaka kwa Mfaume.

"Shikamoo, baba mdogo. Tangazo limetoka. Huyo Saidi ni baba. Kama una neno, siku yenyewe ni Jumatatu hii."

Mfaume akaacha kubangua korosho. "Unanialika nikupinge?"

"Nakualika usije ukasema hukuambiwa."

Akatoka hapo akaenda kwa Bi Mwanahawa, eda yake imekwisha. Akamwambia vile vile. Bi Mwanahawa alimsikiliza mlangoni. Alifunga mlango.

Jumatatu tukajaa. Hakimu alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, mpaka watu waliacha kukohoa ili wamsikie. Akamwita Mfaume aseme pingamizi lake.

"Mheshimiwa, huyu ni mwanangu, nampenda," Mfaume akasema. "Lakini mkimsimamisha juu ya shamba, shamba limekwenda. Wale wadogo watabaki kula vumbi la baba yao. Nipeni mimi."

"Ukipewa wewe, shamba halitakwenda?"

"Mimi ni mwanamume, Mheshimiwa. Mimi nitasimama tu."

Watu wakaangua kicheko, karani akagonga meza. Hakimu akamgeukia Somoe. Somoe akaomba amuulize baba yake mdogo maswali.

"Baba mdogo, siku ya arobaini ya kaka yako, upawa ulikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwako. Ulitufukuza hata tuliotaka kuonja."

"Chungu kilikuwa cha nani?"

"Cha msikiti. Nani asiyekijua, kina sikio moja?"

"Sahani ya kwanza niliipeleka wapi?"

Mfaume akakohoa. "Chumbani. Kwa mwenye eda."

"Na wewe nilikupa?"

"Ulinipa mfupa!"

"Mfupa wenye nyama, baba mdogo. Na mimi nilikula nini?"

Mfaume akaangalia miguu yake. "Nilikuona unakwangua ukoko."

"Jioni chungu kilikwenda wapi?"

"Ulikisugua, ukakirudisha msikitini."

"Basi, Mheshimiwa," Somoe akasema, "usimamizi ninaouomba ndio huo. Mwingine siujui."

Hakimu akauliza kama kuna mwenye pingamizi jingine. Bi Mwanahawa akasimama, kanga imemfunika mpaka machoni.

"Nilikuja nalo, Mheshimiwa. Nyumbani vifurushi vyangu vimekwisha kufungwa. Lakini sahani ile niliila mimi. Ilikuwa ya moto." Akaongeza, "Mshika upawa si mwenye chungu. Mwacheni apakue."

Wallahi, nywele zilinisimama. Hakimu akaitikia kwa kichwa polepole, akasema Somoe amethibitishwa, ila akishagawa arudi pale pale kueleza alivyopakua. Mfaume akaondoa pingamizi lake. "Lakini safari hii," akasema, "mfupa sitaki."

Somoe akapakua. Akaita masheikh, kila mrithi akajua fungu lake la sharia. Mafungu ya wale wadogo na la mama yao akayaweka kwenye nyumba na mikorosho ya karibu, ili wasihame. Mfaume hakuwa mrithi, maana marehemu ana watoto wa kiume, lakini warithi wote walikubaliana wakampa baiskeli, akawa anatutimulia vumbi yeye sasa. Fungu lake mwenyewe Somoe akalichukua mwisho, ile mikorosho ya zamani pembeni mwa korongo ambayo hakuna aliyeitaka. Akarudi mahakamani, akaeleza, faili likafungwa. Kama chungu kurudi msikitini.

Siku moja nikamkuta anapalilia kule korongoni. Nikamwambia, "Somoe, umegawa vyote, wewe umebaki na nini?"

Akacheka. "Na ukoko, kaka."

Pembeni yake, nawaambieni nilichokiona kwa macho yangu, Bi Mwanahawa alikuwa ameinama na jembe lake, anapalilia naye.

Haya Shaibu, usinune. Wenzako wamekupa mpira wa timu uutunze, na wewe unachagua nani acheze na nani asicheze, eti kwa sababu mpira unalala kwako. Utoe chini ya kitanda, uupeleke uwanjani, na leo wewe uingie wa mwisho. Mshika upawa si mwenye chungu.