Siku Nyani Walipokalia Mawe Mawili

Kaeni vizuri, na wewe unayecheka makalio ya nyani, funga mdomo kwanza usikie aliyapataje. Zamani hizo nyani alikuwa na manyoya kila mahali, mbele na nyuma, mazito, ya kupendeza. Na wakati huo nyani wakitaka kuamua jambo walikaa duara juu ya majani. Mwenye neno aliingia katikati akalisema, wenzake wakimtoa chawa huku wakimsikiliza. Akikosea walimcheka. Akipatia waliinuka wote wakaenda kulifanya, basi.

Wakaja wazee wawili, Ludigija na Kapela, Mungu awasamehe, maana mimi siwezi. Kila mmoja alitaka ukubwa. Ludigija akapanda jiwe jekundu, Kapela akapanda jiwe jeusi lililolitazama, wakaanza kuita wafuasi. Wakaweka na sheria yao: neno lisilosemwa juu ya jiwe si neno, na jiwe lenye makalio mengi ndilo litakaloamua. Aliyeinuka amejitoa kwenye hesabu. Nyani wakapanda, mke huku, mume kule, wakajibana juu ya mawe yaliyochomwa na jua, hata haja wakawa wanajizuia. Aliyebaki chini aliitwa mpumbavu.

Mwaka huo mvua ikagoma na kisima kikakauka. Jiwe jekundu likasema wahamie mtoni, mbali huko mashariki. Jiwe jeusi likasema wabaki wasubiri mvua. Kwa nini wabaki? Kwa sababu jekundu limesema wahame, hakuna kingine! Na jeusi lingesema wahame, jekundu lingebaki.

Palikuwa na mama mmoja, Nyamizi, mwenye mtoto mchanga aitwaye Limi. Maziwa yalikuwa yamemkauka, na Limi alikuwa ameacha hata kulia. Nyamizi akashuka nyuma ya kilima, kwenye korongo kavu, akachimba mchanga kwa mikono. Alipochimba sana akagusa unyevu, na moyo ukamruka. Lakini kila alipochimba, mchanga uliporomoka ukaziba shimo. Kazi ile ilitaka wengi, hawa wachimbe, hawa wazuie mchanga. Akambeba mwanawe akakimbia mpaka kwenye mawe.

"Jamani, maji yapo korongoni! Nipeni mikono yenu tu, kabla jua halijazama tutakuwa tumekunywa!"

"Wewe ni wa jiwe gani?" akauliza Ludigija.

"Baba, mtoto ana kiu. Jiwe la nini tena?"

"Wa chini hatumsikii."

Nyamizi akameza hasira, akapanda jiwe jekundu na kurudia maneno yake. Ludigija akachangamka. "Mmesikia? Maji ya jiwe jekundu hayo! Wale weusi hawaonji hata tone!" Watu wake wakashangilia. Papo hapo Kapela naye akapaza sauti kwamba maji ya mchangani ni sumu, atakayeyanywa atang'oka meno. Na wafuasi wake waliokuwa wakiramba midomo sasa hivi tu wakaanza kutikisa vichwa, eti ni kweli, sumu.

Mama yake mzazi Nyamizi alikuwa amekaa juu ya jiwe jeusi. "Mama, hata wewe? Huyu si mjukuu wako?"

Bibi akainamisha macho. "Mwanangu, nikiinuka tutapungua."

Nyamizi akawageukia waliokuwa wakimshangilia. "Haya, nyie twendeni basi!" Hakuinuka hata mmoja. Wakiinuka, walisema, wale wengine wataamua. Hivyo maji yakawa ya jiwe jekundu, na jiwe jekundu lenyewe halikwenda kuyachimba. Ukistaajabu hapo, bado.

Akarudi korongoni peke yake, Limi mgongoni. Huko, kwenye kivuli, akamkuta nani? Ludigija na Kapela! Wale ambao wafuasi wao walikuwa wanaungua juu ya mawe, wenyewe wamekaa bega kwa bega, wanatoana chawa, wanagawana ukwaju na kucheka. Walisema wamekuja kushauriana. Wala hawakuona haya.

"Mama, siasa hizi huziwezi," Kapela akamwambia, ukwaju ungali mdomoni.

Nyamizi akarudi shimoni. Alichimba mpaka kucha zikang'oka, na maji kidogo yakajikusanya, ya kujaza kiganja. Akayachota akampelekea Limi mdomoni. Yakatiririka shavuni yakamwagika. Mtoto alikuwa ameshakata roho.

Nyamizi akambeba mpaka katikati ya mawe mawili, akamlaza chini, pale walipokuwa wakikaa duara zamani. Alijua kwa hili watainuka. Nani angemwona mtoto amelala vile asiinuke? Wazee wawili walikuwa wamesharudi mahali pao.

"Mnaona walivyofanya wale weusi!" Ludigija akapiga kelele.

"Mama yake si alipanda kwenu? Huyo maiti ni wenu!"

"Wetu? Bibi yake yuko wapi, si kwenu huko?"

Mawe yote mawili yakalipuka. Matusi yakapita juu ya yule mtoto, huku na huku, wala hapana aliyemtazama.

"Ni wangu!" Nyamizi akalia kwa sauti iliyowanyamazisha wote. "Mna laana nyinyi! Hamkumpa maji, na maiti yake hamtaipata!" Akamnyanyua mwanawe, akamkumbatia, akaondoka.

Bibi akataka kumfuata. Alipojivuta kuinuka, manyoya na ngozi vikabaki jiweni. Wengine nao wakajivuta, mmoja mmoja, wakilia kwa maumivu, lakini Nyamizi alikuwa ameshafika mbali.

Na tangu siku hiyo nyani hana manyoya makalioni, ana sugu tupu. Hayo chekeni, ruksa. Lakini mkimwona nyani jike amebeba mtoto aliyekufa, anatembea naye siku baada ya siku, mtoto amekauka, ananuka, na mama hataki kumweka chini, msicheke. Mpisheni njia. Anaogopa akimweka chini watamgombea.