Nyimbo za Kulima

Ndugu zangu, twendeni pamoja hadi kijiji kimoja kilichokaa katikati ya mbuga. Tambarare tupu. Mgeni akija kukutembelea unamwona asubuhi, na anafika chakula cha mchana kikiwa tayari. Huku ngano, kule ngano, na nyuma ya ngano nyasi zinazofika kiunoni, mpaka macho yachoke.

Waliokianzisha kijiji kile walikuwa familia kumi na tisa. Mwaka wao wa pili tu, kiangazi, moto wa nyasi ulikuja na upepo ukala nyumba zote isipokuwa mbili. Wakazika watu wao. Kisha wakafunga ng'ombe kwenye plau, wakalima ukanda wa udongo mtupu kukizunguka kijiji kizima, upana wa hatua thelathini, bila jani hata moja la kuwaka. Kila nyumba ikapewa kipande chake. Na kila mwaka, ngano ikishavunwa, kila nyumba ililima kipande chake upya, huku watu wakiimba. Moto ulirudi mara nyingi. Ulifika kwenye ule udongo, ukakosa cha kula, ukafa.

Basi, palikuwa na mama mmoja, mjukuu wa mmoja wa wale waanzilishi. Mchapakazi kwelikweli, msije mkamchukia. Aliishi na mama yake mzee, ambaye macho yalikuwa yameingia ukungu, akawa anaishi kwa masikio. Huyu bibi, alipokuwa msichana, ndiye aliyetangulia mbele ya ng'ombe wa baba yake, akiongoza plau.

Mwaka mmoja wageni wa mjini walipita wakati wa kulima. Wakazisikia zile nyimbo, wakapiga picha. Mwaka uliofuata wakaja na wenzao. Kijiji kikafurahi, na nani asingefurahi? Wakajenga nyumba ya kumbukumbu, wakaweka ndani plau ya kwanza, nira ya kwanza, na picha za wazee. Pakawa na siku maalumu, Siku ya Ukanda, yenye jukwaa, turubai, fulana na mgeni rasmi. Yule mama akachaguliwa mwenyekiti wa kamati.

Ikawa hivi: ng'ombe wanapambwa, wanalima hatua arobaini mbele ya jukwaa, kwaya inaimba, wageni wanashangilia. Na kule kwingine? Mwaka wa kwanza watu walisema, "Tutamalizia wiki ijayo." Mwaka wa pili walilima juujuu. Wa tatu... Ndugu zangu, hakuna aliyesimama mkutanoni akasema tuache kulima. Hakuna! Nyasi ziliota taratibu, na nyasi hazipigi hodi.

Asubuhi ya sikukuu ya mwaka wa tisa, mwenyekiti alikuwa anafunga kilemba haraka haraka. Mama yake akamuuliza, "Mwaka huu mmelima vizuri?"

"Mama, hujasikia nyimbo?"

"Nimezisikia wiki nzima. Moyo wangu umetulia."

Zilikuwa nyimbo za mazoezi. Mwenyekiti alijua hivyo. Alifungua kinywa ili aseme, gari la wageni likapiga honi, akatoka.

Saa nane mchana mgeni rasmi alikuwa ameketi jukwaani, ng'ombe wamefika katikati ya uwanja, kwaya imepamba moto. Hapo upande wa mashariki, nyuma ya nyumba, ukainuka moshi. Mwembamba kwanza, kisha mweusi, mpana kama pazia.

Mnajua wageni walifanya nini? Walipiga makofi.

Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mshereheshaji naye akashika kipaza sauti akapaza, "Jamani, kamati imetisha! Mpaka moto wametuletea!" Wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akaitazama ratiba mkononi mwake. Akaisoma tangu juu hadi chini, kidole kikipita kwenye kila mstari, kana kwamba kweli angeukuta moto umeandikwa mahali. Ni mpaka bati la kwanza lilipopasuka kwa joto ndipo sauti ilipomtoka, nayo haikuwa neno, ilikuwa yowe.

Alikimbia. Lakini moto wa mbuga ukiwa na upepo nani atashindana nao mbio?

Jirani yake, mwanamke aliyekuwa amerudi nyumbani kuchukua sufuria, ndiye aliyesimulia yaliyotokea. Alimkuta bibi ameketi kwenye kigoda barazani, anachambua mboga.

"Bibi, moto! Nipe mkono twende!"

"Moto wa mbugani?"

"Ndiyo, bibi, unakuja!"

"Tulia, mwanangu. Utafika kwenye ukanda utazimika. Wamelima. Nimewasikia mwenyewe."

Jirani alimvuta, bibi akashika nguzo ya baraza. Hakuwa mkaidi, ndugu zangu. Aliamini. Mpaka alipousikia moto ukinguruma uani kwake ndipo alipoiachia ile nguzo, na paa lilikuwa limeshashika.

Walimfikisha zahanati akiwa hai, ameungua mgongo na miguu. Binti yake akapiga magoti kando ya kitanda. Bibi akapapasa mpaka akaupata uso wake, akamuuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Mwanangu, moto uliingilia kwenye kipande cha nani? Nani hakulima?"

Uliingilia kwenye kipande chao wenyewe.

Siku ya tatu bibi akafa. Kama alijibiwa au hakujibiwa, mimi sijui.

Sasa niambieni, sisi tunaoketi hapa, tumelima? Sikuulizi kama umeimba. Kuimba tunaimba, tena kwa sauti nne! Babu zetu walisali kwa magoti. Sisi tumewafanyia jubilei. Walisamehe majirani waliowachomea mazao. Sisi tunasimulia habari zao kwenye semina, na ndugu wa tumbo moja hatusalimiani. Na nyumbani kwako yupo mtu anayekusikia. Mtoto wako anasikia ukisema "Bwana asifiwe", anatulia, anajua baba amelima. Mkeo anatulia. Mzazi wako kijijini anatulia. Siku moshi utakapoinuka hawatakimbia, kwa sababu wanakuamini wewe.

Ndugu yangu, kipande chako kiko wapi? Usinionyeshe cha jirani. Usiniambie habari za mchungaji pia, maana na mimi ninacho kipande, na juzi nimekwenda kukitazama nikaona aibu.

Naona kwaya mmeshasimama, mko tayari kutupa wimbo. Kaeni kwanza. Leo hatuimbi. Tutatoka kimyakimya, na kila mmoja aende kwa yule anayepaswa kumwendea.