Jiliwa la Bwana Shebe

"Uliahidi mwenyewe! Nikikutengenezea mlango wa ghala, jiliwa ni langu."

"Niliahidi kabla sijajua ni la zamani," alisema Bwana Shebe, tajiri wa mchele, akilipapasa lile dude la chuma la kubania vitu. "Vya zamani ni ghali, binti."

Siwatu, fundi wa majiko, hakuwa na kingine cha kubania mabati yake. Akaliinamia, akaguna.

"Kumbe meno yamekwisha. Hata kitambaa halishiki."

"Halishiki? Hili?" Bwana Shebe akapandwa na hamaki, akaingiza pindo la kanzu yake mpya katikati ya taya. "Haya, kaza uone!"

Siwatu akakaza kwa nguvu zake zote. Bwana Shebe akavuta, akavuta tena. Kanzu haikutoka.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee. Linashika kweli."

Akauchomoa ule mkono wa kukazia, akautia kwapani. Nje, watu walikuwa wanatoka sala ya Ijumaa.

"We Siwatu! Nifungue!"

Siwatu akageukia mlangoni. "Nakwenda karakanani, mzee. Vua kanzu watu wakuone, au nibebee jiliwa langu, nikakufungulie huko."