Barua Nyuma ya Moto

Dawa ya moto ni moto. Yaani kinachokutisha hutulizwa na ndugu yake wa damu. Usibishe kwanza, msikie Scholastika.

Mwaka tisini na nne, viwanda vikiuzwa kama njugu, kiwanda kidogo cha kuyeyusha vyuma pale Morogoro Mjini kilipata mwenye mali mpya, Bwana Anselmi. Mlango wa tanuri ulikuwa umechoka, joto linapita kama maji kwenye chujio. Mpya ulikuwa uje kwa meli, miezi mitatu. Basi wafanyakazi kumi na wanane wakapewa barua: nendeni nyumbani, kazi imekwisha.

Scholastika, mfagiaji wa stoo, akaikunja yake. Akaikumbuka nguzo ya nyumba ya mama yake, Mkuyuni. Moto wa shamba uliwahi kuilamba, nje ikawa nyeusi tii, ndani mti mzima, na paa imelibeba mpaka leo. Kilichokwisha kuungua kiliukinga moyo wa mti!

Akatwanga mkaa kwenye kinu, akauchanganya na gundi ya resini iliyosahaulika stoo, akaupaka kwenye bati unene wa vidole viwili. Ulipokauka, ukawa mgumu kama jiwe.

"Mkaa uzuie moto?" Kasiani, fundi wa gesi, akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Dada Schola, unamkabidhi fisi bucha!"

"Washa mtungi wako, kaka. Kicheko hakiyeyushi chuma."

Bwana Anselmi alipokuja kutazama, Scholastika akaibandika barua yake nyuma ya bati. "Bosi, ikiungua nakwenda zangu. Isipoungua, tunabaki wote."

Bwana Anselmi akatazama saa. "Dakika kumi."

Mwali wa buluu ukanguruma. Mkaa ukafuka moshi, ukageuka gamba, gamba likaiva jekundu kama pilipili. Halikutoboka! Dakika ya kumi bosi akazunguka nyuma, akaibandua barua. Nyeupe pee!

"Mlango ukipakwa hivi utadumu?"

"Kila Jumamosi tunapaka upya, bosi, kama nyumba ya udongo."

Bosi akaitazama barua, akaangua kicheko, akaitupa mwenyewe mbele ya mwali. Kufumba na kufumbua, haipo. Vigelegele vikapanda hadi milimani.

"Kasiani," Scholastika akasema, "mchi ule pale."

Kasiani akatwanga mkaa mpaka jioni, uso mweusi, meno yote nje kwa furaha. Wahenga walishalimaliza: dawa ya moto ni moto.