Mawe Mazima ya Chewa

Hodi, hodi, mlioketi!
— Karibu, uliyesimama!
Nina ngano, imelowa maji ya chumvi.
— Ilete hivyohivyo, tutaikamua!

Basi ikamueni. Palikuwa na Bi Zamzam, mwenye saluni pale Chumbageni, Tanga. Alitaka wateja wawe na kitu cha kutazama wanaposukwa, akanunua tangi kubwa la kioo, akalijaza maji ya bahari, akatia samaki, kaa, uduvi na wadudu wengine wa majini. Yakabaki mawe. Dukani aliona mawe ya namna mbili na mchanga wa namna mbili, na kuchagua hakujua. "Aa, nisumbuke nini? Nitatia yote!" Akayatumbukiza, chubwi! chubwi! chubwi!, akarudi kwenye vichwa vya watu.

Mle tangini mwenye nguvu alikuwa Chewa. Kichwa kikubwa, mdomo mpana, tumbo halijawahi kusema asante. Alipenda kuitwa Mwamba, na aliyekataa kumwita hivyo hakuonekana tena.

Mdogo kuliko wote alikuwa Mama Kaa, saizi ya ukucha wa kidole gumba. Chini ya tumbo alibeba mayai, na mayai yalikuwa karibu kuanguliwa. Alihitaji tundu. Si jumba, si ghorofa. Tundu tu, ambamo yeye ataingia na Chewa hataingia.

Chewa akayazunguka mawe, fwaa! fwaa!, akatangaza: "Mawe yote yangu. Mchanga wote wangu. Atakayekosa pa kulala, humu tumboni pana nafasi."

Uduvi wakakumbatiana. Mama Kaa akatembea upandeupande, tiki tiki tiki, akasimama mbele ya mdomo ule.

"Shikamoo, Mwamba."

"Marahaba. Sema haraka, nina njaa."

"Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya haya mawe uliyoletewa. Hebu tazama hili. Limetoboka kama andazi lililoliwa na panya! Jepesi, lina majani, lina minyoo. Watu watasema nini? Mwamba analala kwenye jiwe lenye ukurutu!"

Chewa akakunja uso. "Na lile?"

"Ee, lile sasa! Zima! Halina tundu, halina ufa, linang'aa kama sakafu ya benki. Lakini sisi wadogo ndio tunaolitaka, Mwamba. Tuachie."

"Niwaachie? Nyinyi?" Chewa akacheka mapovu, bu-bu-bu-bu! "Sikilizeni wote! Mawe mazima yangu, mawe ya matundu yenu. Mmesikia?"

"Tumesikia, Mwamba!"

Akaimba huku akitikisa mkia:

Zima langu, tundu lako!
Zima langu, tundu lako!
Anayebisha, tumbo langu!

"Na mchanga?" akauliza.

"Ule laini kama unga wa sembe ndio wa heshima yako," akasema Mama Kaa. "Mwaga mwingi, kisha panga mawe juu yake. Mkubwa hukaa juu. Sisi tutaokota huu mwingine, wa chenga za makombe."

Ndivyo ilivyokuwa. Wadogo wakayaburuta mawe yao mepesi hadi chini kabisa, yakakanyaga kioo, jiwe likashika jiwe. Ndipo wakamimina chenga pembeni. Na kutoka kwenye matundu wakachungulia wenyeji: minyoo myembamba kama uzi, konokono wadogo kama ufuta. Wakaanza kula uchafu, nyam nyam nyam, maji yakatakata. Mama Kaa akachagua tundu lake, akaingia kinyumenyume, akaziba mlango kwa gando. Mlango ukazibika. Akapumua.

Na Chewa je? Chewa aligeuka, fwaa!, mchanga ukapanda, puff!, akawa kama mtu aliyeangukiwa na gunia la unga. Hakuona mbele, hakuona nyuma. Akageuka tena, fwaa!, jiwe la chini likazama, la kati likainama, ghorofa yote ikamshukia: pu! pu! puuu! Mabaki ya chakula chake yakaoza chini ya mawe, maana mawe yale hayakuwa na mtu ndani wa kuyala. Macho yakamwasha. Bi Zamzam mwenyewe akainama, akanusa, akasema, "Mbona upande huu unanuka kama kwapa?"

Basi Chewa akaja kwa wadogo, amevimba.

"We Kaa! Hilo jiwe lako lina minyoo, lina konokono, lina majani. Linapumua. Kitu chenye uhai kinaitwaje?"

Mama Kaa akaona mtego. "Kinaitwa... kizima, Mwamba."

"Na mawe mazima ni ya nani?"

Uduvi wakakumbatiana tena. Chini ya tumbo la Mama Kaa mayai yakacheza, yanataka kutoka, na mlango wa tundu unadaiwa.

"Ni yako," akasema. "Umenishika kwa neno langu mwenyewe. Karibu kwako, Mwamba. Lakini mwenye nyumba hukagua nyumba. Pale kwenye lile tundu kubwa wamejificha wapangaji, uduvi wanono. Si unawaona?"

Chewa akawaona. Mate yakamjaa. Akatumbukiza kichwa, akapanua mdomo na mashavu, kwap! Akanasa.

Akavuta. Hakutoka. Akapiga mkia, fwaa! fwaa! Jiwe halikutikisika, lilikuwa limekanyaga kioo.

"Aaa! Haa Haa, haidia!" Ndiyo kusema, Mama Kaa, nisaidie. Mdomo ulikuwa wazi, ungetamkaje?

Mama Kaa akamsogelea sikioni, tiki tiki tiki. "Shemeji, dawa ni moja. Funga mdomo."

"Haaa! Ha uduhi?" Na uduvi je?

"Ukiufunga, watapita pembeni yako. Ukiuacha wazi, wewe na jiwe mtazeeka pamoja. Chagua."

Chewa akawaza. Hakuwa amezoea. Mwishowe akafunga mdomo, polepole, kama mtu anayefunga duka lake la mwisho. Mashavu yakalala. Kichwa kikatoka, plop! Uduvi wakapita pembeni, salama.

"Sasa," akasema Mama Kaa, "nitakupa jiwe moja lenye matundu uliweke katikati ya mawe yako. Wenyeji wake watahamia huko, watakula uchafu wako. Ukiwala wao, harufu itarudi. Hesabu hiyo unaiweza?"

Chewa akatikisa kichwa: ndiyo. Safari hii hakufungua mdomo.

Siku zikapita. Kwenye jiwe lililong'aa likatokea doa dogo la mwani wa zambarau, likatambaa, likawa kama kanga iliyotandikwa. Konokono wakahamia, wakazaa. Mchanga laini ukatulia, kwa kuwa Chewa alijifunza kugeuka taratibu. Na watoto wa Mama Kaa wakatoka tunduni, wengi kama vumbi kwenye mwanga, wakipita mbele ya pua ya Chewa wakiimba:

Zima letu, tundu letu!
Zima letu, tundu letu!
Anayebisha, mdomo fumba!

Na Chewa akaitikia kwa mapovu, bu-bu-bu.

Fundisho, watoto wangu, ni hili: chagueni jiwe linalong'aa, msimdanganye mkubwa, na mkiona chakula tumbukizeni vichwa. Mama Kaa hakufuata hata moja, ndiyo maana hadi leo nyumba yake ina kelele na hapati usingizi.

Ngano yangu nimeikamua, naianika.
— Ikikauka tutaivaa!